Mwalimu Baki na Bilioni Moja na Saba

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, walimu na majirani, mimi ni kifungua mimba wa marehemu, nimetumwa na familia nisome historia yake, nikijua kabisa kwamba angekuwepo angenisahihisha.

Mama yetu, mliyemwita Mwalimu Baki kwa kuwa hakuna aliyepita darasani kwake bila kuulizwa imebaki ngapi, alizaliwa tarehe 17 Mei 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya sita, na alipenda kutamba kwamba 1951 ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Alisoma shule ya msingi ya jirani na karakana, kisha sekondari hadi 1969, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1971 akiwa wa kwanza katika hisabati, jambo alilotukumbusha kila tulipoleta ripoti nyumbani.

Januari 1972 aliajiriwa katika shule ya sekondari ya wasichana, akafundisha hapo hadi alipostaafu mwaka 2011. Tarehe 11 Desemba 1976 alifunga ndoa na baba yetu, mwalimu wa jiografia, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1978, 1981 na 1986, na hakuna hata mmoja wetu aliyebahatika kuzaliwa mwaka ulio namba tasa, tukasamehewa.

Mwaka 1994 aliwaambia wanafunzi kwamba bilioni moja na saba ni namba tasa, binti mmoja akamuuliza amejuaje, naye akajibu imeandikwa kitabuni. Jibu hilo lilimkaa kooni. Akaapa kuigawa kwa mkono wake kwa kila namba tasa, kuanzia mbili hadi 31,607, akitueleza kwamba hakuna haja ya kuvuka hapo, maana kigawo kikubwa zaidi lazima kiwe na mwenzake mdogo, na huyo mdogo angekuwa ameshakamatwa.

Alipofika ishirini na tatu, hesabu iligawanyika bila baki, akanuna siku mbili, nyumba nzima ikatembea kwa kunyata, mpaka baba alipohesabu sifuri za ile bilioni na kukuta mama ameongeza moja. Tulimletea kikokotoo, akasema mashine imeshajua, yeye bado. Haba na haba, mbili tatu kwa wiki, alisonga mbele, nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, mezani jikoni.

Agosti 2022 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala, akaendelea kwa wa kushoto, tarakimu zikiwa kubwa na zimepinda, majibu yakiwa sahihi. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Machi 2023, katika hospitali ya wilaya, ikiwa imesalia namba moja tu, ile ya mwisho. Hilo lilituuma mno.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwachia kalamu kitandani, majirani waliotupikia, na walimu wenzake waliomtembelea hadi siku ya mwisho.

Jana mchana, baba na sisi watoto tulikaa mezani kwake, kila mmoja na karatasi yake, tukagawa bilioni moja na saba kwa 31,607, tukapata jibu moja sote, inaingia mara 31,638, na haikuisha.

Mama, imebaki 17,741. Sasa umejua mwenyewe, pumzika kwa amani.