Mashine Nzima Iliyozimwa: Risala ya Wasomaji wa Sauti kwa Mama Fundi

Mgeni rasmi, Mama Fundi wetu, Mwenyekiti, majirani na wazazi mliofika:

Mara ya kwanza ulipoingia katika uwanja huu hakuna aliyekupokea. Ulisimama mlangoni na begi begani, ukasema, "Hodi jamani, naomba kuchaji simu kidogo tu, ndugu zangu wananisubiri." Tukakuonyesha soketi bila hata kukupa kiti. Tusamehe. Siku ile tulikuwa kama watu waliofiwa. Leo kiti chako ndicho kilichowekwa kwanza, kabla ya meza.

Sisi ni nani

Sisi ni watu wa mtaa huu tunaosoma vitabu kwa sauti na kuvirekodi, ili wenzetu wasioona wavisikilize. Miongoni mwetu wamo muuza vitambaa, dereva, walimu wawili, na sisi vijana tuliomaliza chuo ambao bado tunaamini kwamba mtu akipewa kitabu amepewa mlango. Chumba chetu ni kile pale nyuma yenu, chenye dirisha linalotazama uwanja huu. Ndani yake mna kompyuta moja. Ndiyo inayorekodi, ndiyo inayotunza, na ndiyo yenye programu ya kumsomea asiyeona kila kilichopo kwenye kioo.

Anayeitumia kuliko wote ni Dada Redio, mmoja wa wenzetu wasioona. Jina hilo tulimpa kwa sababu akisikia jambo mara moja atalirudia neno kwa neno, pamoja na kikohozi cha msomaji. Kazi yake ni kufuma masweta ya watoto wa shule, na nia yake ni kuwa mwalimu. Ili achukuliwe chuoni, lazima afaulu mtihani, na masomo yake yote ya mtihani huo yalikuwa ndani ya mashine ile. Nakala hatukuwa nayo. Baadhi ya waliomsomea wamekwisha kuhama.

Mashine ilivyolala

Mgeni rasmi, unaijua habari hii kuliko sisi, lakini wazazi waliopo wameisikia nusunusu, na nusu nyingine wameitunga wenyewe.

Mwenzetu tunayemwita Injinia aliona ujumbe kwamba BIOS inahitaji kusasishwa. BIOS ni ile programu ya chini kabisa inayoiamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote. Injinia akakubali, kazi ikaanza, akatoka kwenda kunywa chai. Nyuma akapita Mzee wa funguo, anayetulindia chumba. Ukutani tulikuwa tumeandika kwa herufi kubwa: WA MWISHO KUTOKA AZIME KILA KITU. Tuliandika hivyo baada ya pasi ya jirani kutaka kutuunguzia meza. Mzee ni mtu wa kutii maandishi. Akashusha swichi kubwa, akafunga mlango, akaondoka na amani yake.

Asubuhi yake tulibonyeza kitufe. Taa ikawaka, feni ikazunguka, ikasimama, ikazunguka tena. Kioo cheusi. Injinia akabadilisha waya wa kioo. Dereva akashauri ipigwe kibao ubavuni, "kama redio za zamani," na tusifichane, ilipigwa. Kijana wa duka la simu akaja, akatazama, akasema, "Hiyo imekufa, tafuteni nyingine." Dada Redio alikuwa ameketi kwenye benchi na sindano zake za kufumia mapajani, hafumi.

Hapo ndipo ulipouliza, bado umeshika waya wa chaji: "Samahanini. Mara ya mwisho ilikuwa inafanya nini?"

Sote tulikuwa tumeuliza ina nini. Hakuna aliyeuliza ilikuwa inafanya nini.

"Ilikuwa inasasishwa, Mama," Injinia akajibu.

"Ikamaliza?"

Macho yote yakamgeukia Mzee wa funguo. Naye akanyoosha kidole ukutani. "Mimi nilizima. Imeandikwa."

Ulicheka, Mama, mpaka ukaketi mwenyewe bila kukaribishwa. Ukasema maneno ambayo sasa yanarudiwa na mtaa mzima: "Jamani, mashine ilikuwa nzima, mkaizima!" Kisha ukamgeukia Mzee na kumwambia kwa upole, "Baba, wewe huna kosa. Kosa ni la ukuta."

Dada Redio akauliza swali moja tu. "Masomo yangu yapo?"

"Yapo, mwanangu. Yako kwenye diski, na diski haijaguswa. Kilichokatika ni ile sauti ya kuiambia mashine amka. Siondoki mpaka uyasikie."

Ukaichomoa umeme, ukaifungua, ukatoa betri ndogo kama kifungo cha koti, ukatuambia tuipe muda isahau mipangilio yake. Ukairudisha. Feni ikazunguka, ikasimama. Simu yako ikaita. Tulikusikia: "Kaka, kuleni, msinisubiri... Hapana, sijapotea. Nina mgonjwa hapa."

Ukaenda duka la fotokopi pamoja na Injinia, mkapakua kwenye flashi faili la BIOS la aina ileile ya mashine. Ukaichomeka, ukashikilia vitufe, ukawasha. Haikujali. Injinia akashika kichwa. Wewe ukasema, "Mashine hii inalitafuta faili kwa jina lake. Sisi tumeliacha na jina la dukani." Mkalibadilisha jina mkaanza upya. Safari hii feni ilivuma bila kusimama, kioo kikiwa bado cheusi. "Asiguse mtu," ukasema. Mzee wa funguo akaenda kusimama mbele ya swichi kubwa na kukunja mikono, kama askari wa benki.

"Inapumua," Dada Redio akasema.

Kioo kikawaka. Tukashangilia mapema, kwa sababu maandishi yaliyofuata yalisema hakuna diski. Wewe hata hukushtuka. "Haijapotea. Si tuliisahaulisha wenyewe? Haikumbuki diski yake husomwa kwa mtindo gani." Ukaingia kwenye mipangilio, ukabadilisha mstari mmoja, ukawasha upya. Ile sauti ya mashine ikasema karibu, na Dada Redio akainamisha kichwa juu ya kibodi kama mtu anayemsalimu mtoto.

Wakati huo jua lilikuwa limeshatua, na ndugu zako walikuwa wamekula chakula wakamaliza.

Mafanikio

Tunajivunia kukueleza kwamba ukuta umesahihishwa. Sasa unasema: ZIMA KILICHOLALA. KINACHOFANYA KAZI, ULIZA KWANZA. Mzee wa funguo ndiye aliyeyapaka rangi maneno hayo. Injinia hanywi tena chai mbali na mashine, na masomo yote yamenakiliwa kwenye diski ya pili, inayotunzwa nyumbani kwa muuza vitambaa.

Changamoto

Mashine bado ni moja na wasikilizaji wanaongezeka. Wanakaa foleni kwenye benchi lile. Umeme wetu unakatika unavyotaka wenyewe, wala hausomi ukutani.

Maombi

Hatukukuita kukuomba mashine, ingawa Mwenyekiti ametuagiza tuseme kwamba ikipatikana hatutaikimbia. Tulipokuwa tukichagua mgeni rasmi, mmoja wetu alisema, "Mama yule hana hata gari." Muuza vitambaa akamjibu, "Kwani gari lingeiamsha?" Mjadala ukafungwa.

Tunaomba Injinia awe mwanafunzi wako. Tunaomba nasi utufundishe, si vitufe tu, bali ule utulivu wa kuuliza kabla ya kupiga kibao. Na ukipita njia hii hata simu ikiwa imejaa chaji, piga hodi.

Mungu akupe afya, aibariki mikono yako, na awalipe ndugu zako waliokula bila wewe.

Mgeni rasmi, mtihani wa Dada Redio ni kesho asubuhi, nawe nafasi yako ilikuwa leo tu. Tulimwahidi kwamba mpaka atakapoingia kwenye mtihani hakuna kelele itakayomfikia. Sasa hivi yumo ndani, nyuma ya dirisha lile, anasikiliza somo la mwisho. Ndiyo maana nakusomea bila kipaza sauti, na spika tulizoletewa zimefunikwa. Kwaya yetu imekutungia wimbo na kuufanyia mazoezi kwa muda mrefu. Leo hawatauimba. Mwalimu wao alinuna kidogo, kisha akakubali. Watasimama mbele yako wakiwa na sare zao, na badala ya makofi, sote tutakuinulia mikono.

Ni sisi,
Wasomaji wa Sauti