Shangazi Anayaaga Mabanda ya Matango

Baada ya miaka thelathini na miwili katika shamba letu la matango, Shangazi, msimamizi wa mabanda ya nailoni yanamokuzwa, anastaafu mwisho wa mwezi huu. Jina alilopewa na wazazi wake liko ofisini. Huku mabandani hakuna anayelitumia.

Alianza kama mchumaji. Jua halijachomoza, tayari yumo kati ya mistari, mkasi mkononi, akikata kila tango na kikonyo chake kabla joto halijalilegeza. Meneja mmoja mgeni aliwahi kuyang'oa kwa mkono. Shangazi alimpokonya kreti, akamwamuru akanawe kwanza ndipo afundishwe kuchuma. Meneja akaenda kunawa.

Mumewe alikuwa fundi wetu wa pampu. Walikuja kazini kwa baiskeli moja, mke nyuma, wakibishana njia nzima. Msimu mmoja wa joto kali pampu ya kisimani ilizima, na matango yakaanza kujikunja na kuwa machungu kwa kukosa maji. Fundi alishuka kisimani peke yake. Hewa ya mle chini ilikuwa mbaya. Hakutoka hai.

Tulidhani Shangazi hatarudi. Alirudi msiba ulipokwisha, siku pampu mpya ilipowashwa. Maji yalipoanza kudondoka kwenye mipira ya kumwagilia, aliketi chini kati ya mistari, akalia kwa sauti. Sote tuliacha kazi. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Mnanitazama mimi? Haya, chumeni! Yakizeeka haya mtamuuzia nani?"

Tangu hapo hakutaka kusikia mtu ameshuka kisimani peke yake, bila kamba, bila hewa kupimwa. Aliisumbua ofisi mpaka ikawa sheria. Wapo mafundi wanaorudi jioni kwa watoto wao kwa sababu ya ukaidi wake.

Sasa magoti yamekataa. Anakwenda kuishi kwa binti yake, muuguzi, mbali na hapa. Juzi wakati wa chai tulimpongeza kwamba hatimaye atapumzika. Aliweka kikombe chini.

"Huko nitakuwa mama wa nesi," alisema. "Hapa nilikuwa mke wa fundi."



Shangazi, asante kwa kutufokea na kwa kutulinda. Wajukuu wakutunze, magoti yapate nafuu, na siku zako huko ziwe nyepesi. Nenda bila wasiwasi. Kaburi la fundi tutalipalilia sisi.