Hitaji la Sista Nerea

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo nyote mlioko Amu, Pate, Manda na kwingineko. Mimi ni Idarus. Leo tunamkumbuka Sista Nerea, muuguzi wa Kizingitini, aliyefariki mwezi uliopita. Muuguzi wa Kizingitini, narudia, kwa sababu wako wanaosema alikuwa mgeni. Watoto wangapi wa kule wamepita mikononi mwake, na bado anaitwa mgeni!

Alikuja kutoka Siaya akiwa na begi moja. Mwanawe, Hillary, alimwacha kwa bibi yake. Siku ile, aliposhuka botini pale gatini, jirani yake wa baadaye, Bi Ummu, alimwambia, "Nipa begi nikupokee." Wakawa majirani tangu hapo.

Nerea alikuwa Mkristo, na mtaani kwake alikuwa peke yake. Jumapili ilimkuta chumbani, mlango umerudishwa, akiimba wimbo wa watu wengi kwa sauti moja. Ni jambo la upweke sana, wasikilizaji. Bi Ummu aliusikia kupitia ukutani.

Bahari ikiwa shwari, alipanda boti kwenda kusali Amu. Mimi si mtu wa kanisa, lakini wenyewe wamenisimulia. Kabla ya mahubiri, kila mmoja husema hitaji lake. Mwenzake humshika mkono na kusema, "Nimelipokea." Basi wiki nzima huliombea kama lake. Nerea alipokea ya wawili, hata watatu. La kwake hakutoa.

"Tukimuuliza, anasema yuko sawa," anakumbuka Rosebella, mwalimu anayesali pale. "Nasi tukaamini. Ilikuwa rahisi kuamini."

Hakuwa sawa. Hillary alikuwa hazungumzi naye. Bibi yake alipofariki, Nerea hakufika mazikoni. Hillary, akiwa kijana wa sekondari, alimwambia kwa simu, "Kaa na hao watoto wako wa kisiwani." Tangu siku hiyo mama akipiga, simu inalia mpaka inakatika.

Mwaka huu kusi ilivuma vibaya, boti zikakaa. Jumapili moja Bi Ummu hakusikia wimbo. Akabisha, akamkuta Nerea ameketi kitandani na kitambaa chake cha kanisani kichwani.

"Shida za wendio wazichukua," Bi Ummu akamwambia. "Na yako, nani huichukua?"

Nerea akalia, kisha akasema yote. Boti ya kwenda mazikoni ilimwacha kwa sababu usiku ule kulikuwa na mzazi mwenye uchungu, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Bi Ummu akaukumbuka usiku ule. Mzazi yule alikuwa Hadil, binti yake mwenyewe. Miaka yote hiyo Nerea hakuwahi kumwambia.

"Mimi sijui sala yenu," Bi Ummu akasema. "Lakini kuketi nawe naweza." Akaketi mpaka adhuhuri.

Bahari ilipotulia, Nerea alikwenda Amu. Safari hii alisimama mbele ya watu. "Leo nina langu," akasema, akamtaja Hillary. Rosebella akamshika mkono: "Nimelipokea."

"Mahubiri yalikuwa juu ya Yesu anavyowaita waliochoka," Rosebella anasema. "Nikageuka, nikamwona Nerea amelala kwenye benchi. Mchungaji akashusha sauti. Tukamwacha alale."

Nacheka kila nikiisimulia. Hakuna aliyewahi kumwona Nerea akipumzika.

Alifariki wiki chache baadaye, kwa moyo. Simu ya Hillary haikuwa imekuja. Ningependa kuwaambia ilikuja. Haikuja.

Hillary mwenyewe alikuja, kuuchukua mwili. Gatini Amu Bi Ummu alikuwa akimngoja. "Ina lako nalijua, Hillary," akamwambia. "Nalitaya kulla siku duani. Nipa begi nikupokee." Hapo ndipo akamweleza habari za boti ile.

Waliagana na Nerea kanisani. Wakati wa mahitaji Hillary akasimama. "Alikuwa ananipigia," akasema. "Sikushika simu. Sasa naipeleka wapi hii?"

Rosebella anasema alikuwa anainuka, lakini sauti ikamtangulia kutoka mlangoni, ambako Bi Ummu alikuwa amesimama na buibui lake, viatu mkononi.

"Hilo nipani mimi," akasema. "Limetoka nyumbani kwangu."

Hillary, kama unatusikia huko Siaya, pole sana wewe na jamaa zako wote. Pole Bi Ummu, pole Hadil, poleni nyote mliosali naye. Mungu ampumzishe Nerea.

Na wewe msikilizaji, umfikirie yule unayemtwika yako kila siku, yule anayejibu kwamba yuko sawa. Leo mwendee. Muulize la kwake, kisha uketi.