Mama Pasi, Aliyekufa Kila Alhamisi

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka Mama Pasi, meneja wa kiwanda cha kufua shuka za hospitali. Meneja huyu, narudia ili msidhani mmesikia vibaya, kila Alhamisi alikuwa anakufa.

Chanzo ni mguu. Alivunjika mguu, akalala nyumbani, na kiwanda kikalala naye. Hakuna aliyethubutu hata kuagiza sabuni. Wagonjwa wakalazwa juu ya magodoro matupu. Aibu ile ilimuuma kuliko mguu.

Alipopona akaenda semina ya uongozi endelevu. Mtaalamu akajaza ubao mishale na miduara. Binti yake anakumbuka: "Alirudi akasema, 'Mwanangu, nimeelewa mshale mmoja tu. Nitakufa. Sasa nani ataagiza sabuni?'"

Basi yakaanza mazoezi. Kila Alhamisi alikaa kwenye benchi mlangoni, anafuma sweta. Mashine ikigoma, wanamkimbilia.

"Mama, maji yamejaa sakafuni!"

"Marehemu hasemi."

Walinuna. Walimsema. Wakajifunza, mpaka siku hizi akawa anafia nyumbani.

Alhamisi iliyopita Mama Pasi alifariki kweli, nyumbani kwake, asubuhi. Binti akampigia simu fundi wa mashine, msaidizi wa mama.

"Kaka, mama amefariki."

"Tunajua, dada. Mwambie marehemu apumzike, tuna kazi."

"Amekufa kweli!"

"Hata wiki jana alikufa kweli."

Ikabidi binti aende mwenyewe. Fundi alipouona uso wake, akaketi sakafuni kwenye povu, akalia kwa sauti. Kisha akauliza, "Sasa tufunge? Wodi ya wazazi wanangoja shuka."

Mama mmoja wa kupiga pasi akamkemea: "Unamwuliza nani? Lia, lakini kunja!"

Fundi akainuka, suruali inachuruzika maji. "Gari la shuka litaondoka saa yake," akasema. Likaondoka.

Binti anasema: "Niliwakasirikia. Mama hajapoa, wao wanapiga pasi! Jioni hospitali wakapiga simu. Nikadhani wanatoa pole. Kumbe wanalalamika foronya moja haionekani. Hawakuwa wamegundua chochote! Nikacheka mpaka nikalia."

Pole sana binti, pole fundi, poleni nyote mliokunja shuka siku ile huku mnafuta machozi.

Na wewe bosi unayejisifu kwamba ukitoka tu kazi inasimama, hiyo si sifa, ni hatari. Kesho zima simu, kaa nyumbani. Ukirudi ukakuta kila kitu kimekwenda sawa, tafadhali, usinune.