Bi Mwanakheir na Mbatata za Wageni

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Mwanakheir Msabah anavua aproni yake, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Hakuna mfanyakazi wa kituo chetu cha mbegu hapa Makunduchi ambaye hajala chakula chake, na wengi wetu, tuseme ukweli, tumenenepea hapa.

Alianza kwa kupalilia vitalu. Akahamishiwa jikoni siku mpishi alipougua, na hakurudishwa tena, maana hakuna aliyekuwa tayari kuukosa mchuzi wake wa pweza. Mkuu wa kituo, Bwana Anuar, aliwahi kuahirisha kikao kizima kwa kusikia harufu ya bokoboko. Wanafunzi waliokuja kwa mazoezi kutoka chuo cha Tunguu aliwaita wanawe, na aliyempita bila shikamoo alipakuliwa ukoko.

Ametutaka, tena kwa ukali, tusimwandikie sifa tupu tukaliruka lile la mbatata. Basi tunaliandika, na haya tunaona.

Mwaka jana tulipokea wakulima kutoka Susaquira, mji mdogo wa milimani huko Kolombia. Ni watu wa asili ya Wamuiska, ambao wazee wao waliilima milima ile kabla Wahispania hawajafika. Walileta, kwa vibali vyote, kikapu cha mbatata ndogo za zambarau ili tuzijaribu kwenye joto letu. Ni mbegu ambayo familia chache tu za huko bado zinaitunza. Tulikiweka kikapu kwenye ghala ya jikoni, penye ubaridi. Hakuna aliyemwambia mpishi neno.

Kwetu sisi mgeni akija na kitu mkononi, hakifichwi. Hupikwa, na yeye huwa wa kwanza kuonja. Bi Mwanakheir alifuata adabu aliyolelewa nayo. Alizimenya zote akapika urojo, bizari ikazificha rangi, na mkubwa wa wageni, Bi Rosalba, akapewa bakuli la kwanza. Sote tulikula. Bwana Anuar aliongeza.

Alasiri tukaenda kwenye matuta kupanda. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji hakupona. Tulikimbilia maganda, tukitaraji macho mawili matatu yatachipua, tukakuta mbuzi wameshayamaliza. Bi Mwanakheir alikaa sakafuni, kanga usoni, akirudia, "Nshapika mbegu za watu! Nshapika mbegu za watu!" Nasi, badala ya kusema kosa ni letu sote, tulitazama viatu vyetu. Bi Rosalba hakulaumu. Aliinama akaosha mabakuli pamoja naye.

Tangu hapo Bi Mwanakheir hakupika urojo tena, na mgeni yeyote akifika, yeye alijitia shughuli nyuma ya jiko.

Wiki tatu zilizopita kikafika kifurushi kingine kutoka Susaquira, kimeandikwa jina lake, si la kituo. Ndani mlikuwa na mbatata zilezile za zambarau. Tulidhani atafurahi. Alilia. "Bora wangenitukana," alisema, "hapo ningepumua." Tulimwelewa, kwa sababu nasi hatukujua macho tuyaweke wapi.

Alizipanda kwa mkono wake, kwenye kivuli. Kisha akaomba abakishwe kazini mpaka zichipue, hata bila mshahara. Sheria haikuruhusu. Leo anaondoka, na tuta bado ni udongo mtupu.

Bi Mwanakheir, ahsante kwa kila sahani. Mola akujaalie afya, usingizi mwema na wajukuu wanaosalimia. Zikiota, tutakuletea habari. Zikioza pia tutakuja, sote na Bwana Anuar mbele, tukwambie mlangoni kwako kwamba zimeoza mikononi mwetu.

Saadiya, kwa niaba ya wafanyakazi wote