Kasha Liondoke Ningali Hai

Rudisha hilo blanketi ulikolitoa, Fortunata, kisha uje ukae hapa miguuni pangu. Na wewe Laurenti, kifungua mimba wangu, weka simu chini, fuso la mizigo litafika saa nane kama dereva alivyosema na halitaongeza mwendo kwa kupigiwa simu. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Abdurahmani, shikamoo, nisamehe nimekuamkia nimelala. Kidawa, jirani yangu na shoga yangu, sogeza kigoda upande huu, maana sikio lako la kushoto lilishastaafu siku nyingi. Nimewaita ninyi wawili makusudi, wala si kwa chai. Maneno ya mgonjwa yakisikiwa na watoto wake peke yao hayana miguu, na haya yangu ya leo nataka yafike mpaka Mtama kwa ndugu zangu.

Jana nilipoanguka jikoni mkanikimbiza hospitali, daktari aliwaambia kwamba moyo wangu umechoka na siku zangu ni za kuhesabu. Mlilia, niliwasikia. Na leo tangu alfajiri nakusikia wewe, Fortunata, unachomoa vitu kwenye lile kasha barazani, kimoja kimoja, unaviweka chini taratibu utadhani unaiba kwako mwenyewe. Nimekuelewa bila kuambiwa. Kazi ya uuguzi huko Ujerumani, kazi uliyoisomea lugha miaka miwili mpaka ukawa unaota kwa Kijerumani na kutuamsha nyumba nzima, unataka kuiacha apewe mwingine, ili ukae hapa Mitwero unifukuzie nzi. Sikilizeni basi, wanangu, wala msinikate maneno, kwa sababu pumzi niliyo nayo inatosha kulisema hili mara moja tu.

Nianze kwa kukiri. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeumbuka. Hayo ya daktari nilikuwa nayajua tangu kabla ya Pasaka. Siku ile ulipokuja na barua ya kazi, ukasema, 'Siendi bila mama, tunakwenda watatu, mimi na Happiness na bibi yake, au hatuendi kabisa,' mimi nilikuwa nimetoka hospitali wiki hiyohiyo na majibu nimeyafunga kwenye pindo la kanga. Nikakujibu, 'Haya, twende.' Nikaenda mjini kupiga picha ya pasipoti, yule kijana akaniambia, 'Bibi, usinune,' nikamwambia, 'Sijanuna, baba, hii ndiyo sura.' Nikaagiza kasha, nikalipakia mwenyewe wiki tatu nzima, kila aliyesogea nikamfukuza, nanyi mkacheka mkasema mama anajipanga kama bibi harusi. Sasa nenda, Fortunata, kapekue mpaka chini. Humo hamna hata gauni langu moja. Masweta yote manane niliyoyachagua kwenye mitumba sokoni Lindi, ambayo yalitoka hukohuko Ulaya na sasa yanarudi kwao, ni ya kipimo chako na cha mwanao, wala hakuna hata moja ambalo lingepita kwenye mkono wangu huu. Nilikudanganya, mwanangu, na sijuti, maana ningesema kweli usingefunga hata mkoba.

Nilipokuwa napakia nilikuwa nabishana na nafsi yangu usiku na mchana. Kasha lina kipimo chake, na kila kitu ndani ya nyumba hii kilikuwa kinataka kwenda. Kinu kilikataliwa na wakala wa meli, eti mbao yake inaweza kuwa na wadudu. Nikamuuliza, kinu nilichotwangia miaka arobaini, ni mdudu gani mwenye moyo wa kukaa humo? Akasema sheria ni sheria, nikakirudisha. Mbuzi ya nazi fundi aliipaka vanishi, ikapita. Pasi ya mkaa niliitia, nikaitoa, nikaitia tena, halafu nikajiambia, Genoveva, mwanao akiwasha mkaa ndani ya ghorofa la watu atafungwa. Imebaki, Laurenti, ichukue uzuilie mlango. Nimetia chungu kimoja cha kupikia samaki, nimekifunga kwa kanga sita na mkeka, kwa hiyo kanga na mkeka vimepata nauli ya bure. Picha ya harusi yetu mimi na marehemu baba yenu sikuitia. Kitu cha kukumbukia tu hukaa ukutani kikamliza mtu, na wewe huendi kulia, unakwenda kufanya kazi. Nimekupa vya kupikia, vya kulalia na vya kujifunika.

Lakini kuna kitu kimoja, Fortunata, ambacho umekitia kwenye kasha mara tatu, na mara tatu nimekitoa, mpaka ukaninunia. Ile cherehani. Ulisema, 'Mama, hiyo ndiyo iliyotusomesha, niache niende nayo.' Kweli iliwasomesha. Nusu ya watoto wa shule wa Mtama walivaa sare nilizowashonea mimi. Haiendi, kwa sababu si yangu, na haikuwa yangu hata siku moja.

Balozi, sogea unisikie, hapa ndipo nilipokuitia.

Mama yetu alipokuwa mahututi, tulikuwa watatu: Consolata dada yangu mkubwa, mimi, na Stefano mdogo wetu, ambaye alikuwa kijana lakini ndiye mwanamume pekee. Consolata alikuwa ameitwa Dodoma kufundisha wasichana ushonaji, kwa sharti moja, aje na cherehani yake mwenyewe. Jioni moja nilikuwa peke yangu na mama, namnywesha uji, akanishika mkono akasema, 'Cherehani ni ya Consolata, aondoke nayo.' Alilisema waziwazi kama ninavyosema mimi sasa. Siku ya pili yake akafariki. Na mnaijua desturi ya ukoo wetu: mali ya marehemu haivuki kizingiti mpaka arobaini, ndugu wakae, wagawane. Mwenye mali akikupa kwa mdomo wake ungali unamwona, mbele ya shahidi, umepata. Akishafumba macho, hata kijiko kinasubiri kikao. Stefano akasema hakuna kitu kutoka. Consolata akanigeukia mbele ya watu, akaniuliza, 'Veva, wewe ulikuwa naye, hukumsikia mama?'

Nikasema sikusikia vizuri.

Niliitaka mimi ile cherehani. Nilikuwa na mimba yako, Laurenti, na baba yenu hana kazi, nikajiambia dada yangu hana mtoto, ana wakati, atapata nyingine. Arobaini ikafika, mvua ikakata njia, kikao kikasogezwa, na Stefano kwa vikao mnamjua, yeye na ngoja ngoja walinyonya ziwa moja. Walipokaa mwishowe, nafasi ya Dodoma ilikuwa imepewa mwingine. Ukoo ukaona basi, Consolata haendi popote, cherehani abaki nayo Veva mwenye mtoto. Dada yangu akarudi kwenye mikorosho. Alilima mpaka mgongo ukapinda, akamzaa Grace uzeeni, na kila Krismasi alikuja kwangu kushonewa, nami nilimshonea bure, nikidhani nalipa. Hakunilaumu hata siku moja, na afadhali angenitukana. Miaka sita sasa yuko kaburini, na mimi naona haya kupita pale mpaka leo.

Ndiyo maana leo nina haraka, wanangu, na wala si kifo ninachokiogopa. Laurenti, ile karatasi ya mzigo uliyoijaza, umeandika mwenye mali ni nani? Umeandika Genoveva. Hukukosea kwa ubaya, ndivyo nilivyokuambia mwenyewe, maana nilikuwa naficha. Lakini nikifa leo kasha likiwa hapo barazani kwa jina langu, mjomba wenu Stefano atakuja kesho asubuhi kutoka Mtama, atalikalia juu, na atasema arobaini kwanza. Meli inaondoka Mtwara Jumamosi. Ndege yako Alhamisi inayofuata. Kazi yako inaanza tarehe mosi, na Wajerumani hawaijui arobaini yetu. Yaliyompata Consolata yatakupata wewe, kwa desturi ileile, na safari hii shahidi aliyenyamaza atakuwa amezikwa. Sikubali. Nimewahi kuua safari ya mtu mmoja kwa kunyamaza, sitaua ya pili kwa kuchelewa kusema.

Basi semeni mmesikia. Mimi Genoveva, akili yangu ni timamu, Kidawa utanishuhudia, jana tu nilikukumbusha sufuria yangu uliyoazima wakati wa Ramadhani. Kasha lile na vyote vilivyomo nampa Fortunata, leo, kwa mdomo wangu, ningali hai. Si urithi, ni zawadi, wasilihesabu. Laurenti, kata jina langu kwenye karatasi uandike la mdogo wako, balozi atie sahihi. Na cherehani nampa Grace binti Consolata, tena simpi, namrudishia. Mpelekee wewe mwenyewe, usiipakize kwenye basi ikaenda peke yake, na ukifika usimwambie, 'Mama yako mdogo amekupa zawadi.' Mwambie yote niliyoyasema hapa. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki yake.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Nyumba hii ni yako, Laurenti, na mikorosho ya Mtama mtagawana wewe na dada yako, wewe utapalilia, yeye asiye na jembe atatuma cha kupalilia. Chumba cha Fortunata pangisha. Usinitolee macho, nimesema pangisha, mwezi huuhuu. Chumba kilichotandikwa kikisubiri mtu humvuta arudi kabla ya wakati wake. Akija kuwasalimu mtamtandikia sebuleni, mgeni hafi kwa kulala sebuleni. Na Stefano msigombane naye. Akija akifoka, mpeni kiti na chai, mwacheni afoke, halafu balozi amweleze. Si mtu mbaya. Alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, amebaki na mama aliyekufa na dada wawili wanaomtazama. Alishika desturi kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika. Mimi ndiye niliyekuwa na neno.

Mimi nizikeni Mtama, ubavuni kwa Consolata. Miaka yote sita nimekuwa naliogopa kaburi lile, leo naona nitakwenda vizuri tu. Tuna mazungumzo mimi na yeye, na sitafika mikono mitupu.

Sasa wewe, Fortunata. Inua uso. Sauti yangu inakwenda, kwa hiyo nisogelee. Nikifa kabla ya Alhamisi, utapanda ndege. Nikifa Alhamisi yenyewe asubuhi, utapanda ndege. Kaka yako atanizika, majirani wapo, Kidawa atakulilia sehemu yako, huyu kulia anajua. Unasema mtoto gani anamwacha mama yake kitandani. Nitakujibu. Huko unakokwenda kuna wazee wamelala, watoto wao wako mbali, hakuna wa kuwageuza ubavu. Ukimgeuza mmoja, mgeuze kama ungenigeuza mimi. Mfute jasho, mwite mama, hata kwa hiyo lugha yao. Hapo utakuwa umeniuguza, na sitakuwa na dai.

Utakwenda? Usitikise kichwa. Kutikisa kichwa si ushahidi. Sema.

Sijasikia.

Ee. Hivyo. Balozi, umemsikia? Kidawa, umemsikia? Basi imetosha.

Mungu awatangulie. Laurenti, mikono yako isipungukiwe, mkeo na wanao wale washibe, usiwe na kinyongo na dada yako kwa kuwa yeye amekwenda na wewe umebaki. Anayebaki ndiye anayefanya kuwe na nyumbani. Fortunata... baridi isikuweze. Watu wakupokee kwa uso mkunjufu. Happiness akue, asome, asiusahau ugali. Mkutane tena mkiwa hai, na mkikutana mcheke.

Balozi, itikia... Amina. Ahsante.

Haya, litoeni kasha mpaka njiani. Mlinyanyue watu wanne, msiliburute, kuna chungu. Fungua dirisha nisikie mkipakia. Na wewe, mwanangu, usirudi humu ndani kuniaga. Tumeshaagana, mimi na wewe, umesema ndiyo... hakuna kuagana kuzuri kuliko huko. Nenda. Ukiwa mlangoni... usigeuke.