Shemeji Aliyeacha kwa Siku Moja

Kona ile ina benchi moja tu, ubao uliong'olewa kwenye lori la Dereva, lilipochoka kabla ya mwenyewe. Kushoto kuna duka la magodoro, kulia kibanda cha Fundi Saa, na katikati anakaa Buli na birika lake jeusi, akiuza kahawa na kusikiliza bila kutoza. Kila asubuhi benchi hujaa watu ambao bila maoni yao dunia ingesimama: Dereva mwenyewe, mstaafu asiyekubali kuwa amestaafu, Kocha, aliyefundisha timu ya mtaa mpaka timu ikavunjika, na Wakili, ambaye mahakamani alifika mara moja tu, tena kizimbani. Asubuhi hiyo Fundi Saa hakufungua kibanda. Alikaa benchini pamoja nao, akashika kikombe kwa mikono miwili, na kahawa ikamwagika hata hivyo.

— We Fundi, unatutingisha na benchi lote, alisema Dereva. Una homa?

— Nimeacha.

— Umeacha nini?

— Pombe. Na vile vidonge vya usingizi. Vyote. Tangu juzi.

Hakuna aliyejua habari ya vidonge. Fundi Saa alianza kuvimeza alipofiwa na mkewe na usingizi ukamkimbia. Alipewa vya kumtuliza siku chache, naye akaendelea kujinunulia miaka na miaka. Pombe ilikuja kusaidia vidonge, kisha vidonge vikaja kusaidia pombe, mpaka akawa hajui kipi kinamlaza na kipi kinamwamsha. Wala hakuwa mlevi wa kuimba barabarani. Alikunywa kama anavyofanya kazi, kimya, ameinamisha kichwa. Juzi binti yake alimletea mjukuu amwone. Aliponyoosha mikono ampakate, binti akamvuta mtoto kifuani, akasema taratibu, "Ngoja kidogo, baba. Siku ukiwa sawa." Hakusema kwa ukali. Angekaripia, labda babu angepata la kujibu. Walipoondoka, chupa na vidonge vyote vikaenda chooni.

— Huyo ndiye mwanaume! Kocha alimpiga bega. Maji ukiyavulia nguo, yaoge. Kuacha ni kwa mkupuo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Methali hiyo inasema pole, alisema Wakili.

— Pole, lakini ghafla! Nani hajui simba? Mimi nina ushahidi. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa anakunywa kuanzia jua halijatoka. Nikamwambia, shemeji, acha leo. Akaacha siku hiyohiyo. Siku moja! Hakuonja tena hata tone.

Fundi Saa aliishika habari ya huyo shemeji kama mtu anayeteleza anavyoshika mti. Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. Moyo ulimwenda mbio na yeye amekaa tu.

— Mimi nasema abadilishe, alisema Dereva. Ukiwa na lori lina mzigo, unashuka mlima, huzimi injini. Ukizima, breki zinakufa.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo anywe mchana, usiku apumzike. Injini isijue.

— Mwili hauna macho, alidakia Wakili. Ni kuudanganya tu. Chukua chupa ya bia, jaza maji, kunywa kwa huzuni ileile. Wiki mbili, mwili unasaini wenyewe.

— Kuna njia ya pipa, alisema Kocha, sasa amepata moto. Unamkalisha mtu kwenye pipa la maji baridi mpaka shingoni. Pombe inatokea nyayoni. Shemeji alikaa asubuhi nzima, maji yakageuka rangi.

— Rangi gani?

— Rangi ya pombe!

— Nilifikiria niende hospitali, alisema Fundi Saa.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini Wakili aliinuka nusu.

— Hospitali? Ukishasema mbele ya daktari umekiri kosa. Watakuandika mlevi, na mtaa mzima utajua. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, sasa hospitali ya nini?

Hilo ndilo lililokuwa linamzuia Fundi Saa. Maumivu hayakumtisha. Kilichomtisha ni dirisha la mapokezi, foleni nyuma yake, na yule wa ndani kumuuliza kwa sauti, "Unaumwa nini, mzee?" Atajibu nini, na nyuma yake amesimama jirani na mtoto mwenye mafua?

Mama mmoja alikuwa amesimama kwa Buli, mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, balbu mkononi, anasubiri Buli amchenjie noti. Wakili alimsogezea nafasi.

— Karibu, dada. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Asante, sikai. Akamgeukia Kocha. Samahani kaka, nimesikia mnaongea. Huyo shemeji yako anaishi wapi siku hizi? Nina kaka yangu nyumbani, ningependa akaongee naye.

Kocha aliweka kikombe chini.

— Shemeji?

— Ndiyo. Yuko wapi sasa?

— Shemeji… alifariki.

— Oh, pole sana. Zamani?

Kocha aliangalia viatu vyake.

— Wiki hiyohiyo.

Mama akabaki na balbu yake. Buli aliacha kumimina.

— Aliumwa?

— Alianguka. Siku ya tatu. Alikuwa anatetemeka, kisha akaanza kuzungumza na watu ambao hawapo, kisha akaanguka na kukakamaa. Tukasema ni jua. Wengine wakasema kuna mkono wa mtu. Sauti ya Kocha ikashuka. Lakini hakuwa amekunywa.

Mama alipokea chenji yake, akasema pole tena, akaenda zake.

Fundi Saa alitazama ndani ya kikombe.

— Buli, kahawa yako ina sisimizi.

Buli akachukua kikombe, akakigeuza kwenye mwanga, akampa Dereva. Dereva akakitazama, akakirudisha. Kikombe kilikuwa safi.

Fundi Saa aliinuka.

— Nakwenda hospitali.

Safari hii Wakili hakuleta sheria. Aliyesimama alikuwa Kocha. Akamshika Fundi mkono juu ya kiwiko, kama alivyokuwa akimtoa uwanjani mchezaji aliyeumia, wakaondoka.

Dirishani, foleni ilikuwa palepale alipoihofia. Fundi Saa aliinama karibu na kioo.

— Nimeacha pombe na vidonge vya usingizi kwa pamoja. Naona sisimizi.

Dada wa mapokezi hakumwambia arudie. Alitoka mwenyewe na kiti cha magurudumu.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti lililofuliwa mara nyingi. Aliuliza anakunywa kiasi gani, vidonge gani, alimeza mara ya mwisho lini, amewahi kuanguka kifafa. Hakuuliza kwa nini.

— Nilitaka kuviacha mwenyewe, daktari.

— Kutaka kuacha umefanya vizuri, baba. Ila hivi viwili havikatwi ghafla. Mwili ulishavizoea, ukinyang'anywa kwa mkupuo, unaweza kuua mtu. Tutakulaza. Tutakupa dawa ya kukushusha polepole, na sisi tukiwa tunakuangalia.

Mteremko huo ulikuja kuwa mrefu. Pombe ilimtoka hukohuko wodini. Dawa za usingizi alipunguziwa robo kwa robo, miezi kwa miezi, na ziko siku alilia apewe zaidi. Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Siku hiyo alichomwa sindano, akafunikwa shuka, na Kocha akakaa pembeni kwenye stuli, bila ushauri wowote.

Jioni simu ya Fundi Saa ikalia. Kocha akamwekea sikioni.

— Baba, nimepita kibandani, kumefungwa. Umelala?

Angeweza kusema ndiyo. Alikuwa amesema ndiyo miaka yote.

— Niko hospitali. Hapana, sijagongwa. Nimekuja mwenyewe, wanitoe pombe. Na vidonge. Kulikuwa na vidonge, mwanangu.

Alisikia mtoto akilia kwa mbali, na mlango ukifungwa, na funguo.

— Wodi gani?

Fundi Saa akamtazama Kocha. Kocha akamtazama mgonjwa wa kitanda cha pili, naye akatikisa kichwa. Kocha akainuka na kutoka nje ya mlango, akanyanyua uso, akaanza kusoma jina la wodi ukutani.